Mguu Mmoja, Mara Tano kwa Siku

Maishani mwangu sijaonja pombe. Naanza na hilo kwa sababu kijijini kwetu, hapo jirani na Mkata, hakuna anayeliamini. Ukipita ukauliza nyumba ya Rehani, utajibiwa, "Rehani yule aliyeacha?" Usibishane nao. Mimi nilibishana, na yaliyonipata ndiyo haya.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa Operesheni ya kutuhamishia vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumeshushwa kwenye lori na vyungu vyetu, kuku wetu na milango ya nyumba zetu za zamani, tukakuta vigingi vimekwisha kupigwa. Nyumba zote kwenye mstari. Mimi nikapangiwa nyumba ya kumi na nne. Ya kumi na tano akapangiwa mama mmoja aitwaye Lea, aliyezaliwa kwenye kambi za mkonge Korogwe, mpole, mcheshi, tena mpikaji wa boha, ile pombe ya miwa. Katika kijiji cha nyumba zaidi ya mia, kamba ya mpimaji ilizunguka ikitafuta mtu wa kumweka ubavuni mwa pipa la boha, ikanichagua mimi ninayeswali mara tano kwa siku. Uani kwangu, mahali pa kutawadhia, palitengwa na pipa lake kwa ua wa mabua tu.

Kabla mvua hazijaisha nikashikwa na homa. Homa yenyewe ilikwenda zake, ikaniachia mgeni sikioni: mlio kama wa nyenje, asubuhi hadi jioni. Na ardhi ikaanza kunichezea. Nikigeuka haraka, zile nyumba zilizonyooka zinainama kama watu wanaorukuu. Nikitembea, mguu wa kulia unataka kwenda Kabuku na wa kushoto unataka Handeni mjini. Mke wangu Zamda alinitazama wiki nzima bila kusema, kisha akaniambia kwamba ningekuwa mbuzi tungeshagawana nyama kabla sijatumbukia kisimani. Huyo ni Zamda akiwa na huruma.

Sasa hebu jiweke mahali pa jirani. Unamwona mtu mzima anatokea upande wa pipa la Lea kila alfajiri, anapepesuka, ameshika ukuta, ndevu zimelowa. Wewe utasema anatoka kutawadha?

Mwenyekiti wetu alikuwa Ndugu Dunstan, naye mtoto wa kambi za mkonge. Mkonge hupandwa kwa mstari, na yeye alikua akiitazama mistari hiyo tangu ananyonya. Nadhani aliamini kwamba hata mawingu yangepangwa vizuri yangenyesha zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyenyooka, na mtu aliyenyooka akikutana na kilichopinda hawezi kula mpaka akinyooshe.

Siku ya kupanda mahindi kwenye shamba la ujamaa, kamba zilikuwa chache, wengine tukaambiwa tufuate mstari wa jirani kwa macho. Nilipofika mwisho nikageuka kutazama kazi yangu. Mashimo yangu yalianza vizuri, yakamtembelea jirani wa kulia, yakaaga, yakaenda kumsalimu wa kushoto. Ndugu Dunstan alikuja akasimama pale muda mrefu.

"Ndugu Rehani, hiki ni nini?"

"Mahindi, Ndugu Mwenyekiti."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mzaha umeniponza mara nyingi maishani lakini siku ile ulinifunga. Jioni kamati ikakaa, mimi nikaitwa, nikasomewa kosa: kulewa saa za kazi na kuharibu shamba la wote. Nikaapa. Mjumbe mmoja akasema kila mlevi huapa. Nikaeleza habari ya sikio. Mwingine akauliza iweje sikio liumwe halafu miguu ndiyo ipotee njia. Swali zuri; hata mimi sikuwa na jibu lake. Nikanyamaza, na kunyamaza kukaandikwa kuwa ni kukubali.

Adhabu haikuwa viboko wala faini. Niliambiwa sitaandikiwa barua ya kutoka kijijini mpaka kamati iridhike nami. Siku zile kwetu hukutoka bila barua. Mgambo walikaa pale barabarani, na asiye na karatasi alirudishwa. Mwanzo nilicheka. Mimi na kutoka wapi na wapi, na hata kisima chanishinda kukifikia? Lakini kuna tofauti ya kukaa mahali na kukalishwa. Kila basi lililopita nililisikia. Nilikuwa nikikaa mlangoni, nyumba ya kumi na nne, kushoto kumi na tatu, kulia boha, mbele yangu nyumba nyingine zinanitazama kwa mstari, na kichwani yule nyenje hanyamazi. Waswahili wa pwani wana kisiwa chao cha kufungia watu. Mimi nilijengewa cha nchi kavu.

Ndipo barua ikaja kutoka Vugiri.

Binti yangu Hajira alilelewa huko milimani kwa dada yangu, aliyeolewa na Msambaa. Dada aliandika kwamba Hajira amepata mchumba, kijana mtulivu, mkulima, na nikaha itakuwa huko huko mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo. Nilipofika hapo nilikuwa natabasamu. Kisha zikaja habari zenyewe. Baba wa kijana, Mzee Mbaruku, alikuwa amesikia kwa wachuuzi wa mahindi kwamba baba wa binti ni mlevi wa kupindukia. Wakala wa kuozesha kwa niaba yangu hamtaki. Amesema, atakayemwozesha Hajira ni baba yake, aje mwenyewe kwa miguu yake, amwone kwa macho. Asipokuja, au akija anayumba, wao hawaoi.

Nilimsomea Zamda mara mbili. Alikuwa anachambua mboga. Hakunitania, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba Hajira," alisema, "mtoto huyu tulimpeleka kwa shangazi yake ili asikose kitu. Sasa atakosa mume kwa sababu yetu?"

Nikahesabu. Ilibaki kama miezi miwili na nusu.

Zahanati ya kata ilikuwa ndani ya mpaka wetu, huko nilikuwa na ruhusa ya kwenda. Mganga msaidizi alikuwa Bernadina, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwenye sauti ya kuamrisha kuku. Aliniambia nisimame, nikasimama. Akaniambia nifumbe macho, nikafumba, nikamwangukia mikononi kama gunia. Aliponiketisha alinieleza jambo ambalo kamati nzima ililikosa. Ndani kabisa ya sikio, alisema, ndimo mwili unamoulizia kama uko wima au umelala. La kwangu homa imeliharibu, linajibu uongo. Dawa ya kulirudisha yeye hana. Lakini nyayo nazo zinajua ardhi iko wapi, na macho yanajua. Ila vimezoea kulitegemea sikio, vimekuwa vivivu. Vifundishwe.

"Vifundishwe na nani, mwanangu?"

"Na wewe, mzee. Simama mguu mmoja, karibu na ukuta, uhesabu pumzi chache. Halafu wa pili. Basi. Kesho tena. Kidogo, lakini usiruke hata siku moja."

Nikamwambia mimi ni Mzigua, si korongo. Hakucheka ila aliniuliza nikitawadha naoshaje miguu. Nikasema, tangu niumwe, nimekaa kwenye jiwe. Akasema, "Jiwe hilo litupe. Mara tano kwa siku una nafasi ya kusimama mguu mmoja, na wewe unaikalia." Nilishangaa, mtu wa misalaba kunifundisha udhu wangu. Lakini alikuwa amelelewa kambini, Waislamu na Wakristo wakichota maji bomba moja. Alikuwa ametuona tukitawadha tangu utotoni.

Nikaanza siku ile ile, alasiri. Mkono wa kushoto kwenye nguzo ya ua, mguu wa kulia juu, Zamda ananimiminia maji kwa kata. Mara ya kwanza mguu uliobaki chini ulitetemeka kifundo kizima, kama kamba ya mbuzi anayevuta. Sikumaliza hata kiganja kimoja cha maji. Wa kushoto ulikuwa mbaya zaidi. Magharibi nikarudia. Isha nikarudia. Alfajiri nikaanguka, nikaanza tena. Siku ya nne nikaenda zahanati kulalamika juu ya kutetemeka. Bernadina akasema, vizuri. Kifundo kinachotetemeka kinatafuta njia. Mguu uliokata tamaa haujishughulishi, unakuangusha tu.

Wiki mbili zikapita, nikaweza kuosha mguu mara tatu kwa kushika nguzo kwa vidole viwili. Na hapo nikafanya upumbavu. Nilihesabu siku zilizobaki, nikaona kidogo-kidogo hii itanifikisha Vugiri Hajira ana wajukuu. Ijumaa moja watu walikuwa shambani, mimi nimepangiwa kupukuchua mahindi nyumbani. Nikaamua kufanya mazoezi ya mwezi mzima asubuhi moja. Nikasimama mguu mmoja, nikabadilisha, nikasimama, nikafumba macho, nikazunguka. Jua likapanda. Miguu ikawa uji. Nyenje akapandisha sauti. Nikaona nguzo mbili pale ilipokuwa moja, nikaishika ile ambayo haipo.

Nilipita kwenye mabua kama risasi. Pipa la Lea lilinipokea.

Boha haikuwa tayari kuuzwa, ilikuwa siku ya pili tu, lakini harufu ilikuwa imeshakomaa. Lea alinitoa kwa kunivuta mabega, anacheka hadi machozi, huku akiniambia kwamba wateja wake wa kawaida huinywa, hawaiogi. Nami ningecheka. Lakini nilipopangusa macho niliona kundi la watu wanatoka shambani kwa swala ya Ijumaa, na mbele yao Ndugu Dunstan na daftari lake.

Alilifungua daftari. Aliandika.

Wiki ile sikutoka ndani. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, nimelima tangu nijue kushika jembe, nimezika wazazi, sijawahi kuiba hata muhogo, na sasa hata vifaranga vya Lea viliniona ni mteja. Nilifikiri kutoroka kupitia porini. Kisha nikajiuliza, nitatorokaje, na mguu wa kulia unataka Kabuku? Mtu mwingine gerezani kwake kuna ukuta. Mimi nilikuwa nimeubeba kichwani, kila niendako.

Zamda ndiye aliyenitoa. Alfajiri ya siku ya saba alikuja na kata ya maji akasimama mlangoni. Alisema yeye hawezi kumwandikia Hajira kwamba baba yake amekata tamaa kwa sababu ya pipa. Kisha akaongeza kwamba maji yanapoa.

Nikarudi kwenye nguzo. Safari hii sikuzidisha. Mguu mmoja, mara tatu. Wa pili, mara tatu. Nikaswali, nikaendelea na kazi. Mara tano kwa siku, kila mara muda wa mtu kusalimiana na jirani. Siku moja niligundua nimeosha mguu wa kulia bila kushika nguzo. Sikumwambia mtu, nikaogopa mguu usije ukasikia ukaringa. Baada ya wiki nyingine nilikuwa naosha na huku namwuliza Zamda habari za chumvi. Nyenje hakuondoka. Nyumba bado ziliinama nikigeuka ghafla. Lakini sasa zikiinama miguu ilikuwa inaniambia: ziache, sisi tuko chini.

Mwanzoni mwa Shaabani nikaenda kwa Mwenyekiti kuomba kamati inipime. Alikubali haraka, nadhani alikuwa na hamu kuliko mimi. Walinipeleka shamba la ujamaa, wakafunga kamba ya kupandia kutoka kigingi hadi kigingi, hatua kama themanini, wakaniambia niikanyage mwanzo hadi mwisho. Kijiji kizima kilikuja. Lea alikuja na kigoda kabisa.

Nilikazia macho kigingi cha mbali. Nilihisi kamba chini ya unyayo, nyembamba, inakwaruza. Hatua ishirini, arobaini. Kwenye sitini hivi mtu akaniita kwa nyuma, nami bila kufikiri nikageuza kichwa. Shamba likainuka. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mguu wa kulia ulikuwa tayari hewani, nami sikuwa na pa kuuweka. Basi nikaubakiza huko huko. Nikasimama na wa kushoto, kifundo kinatetemeka vile vile, nikainama nikauosha ule wa juu kwa maji ambayo hayapo: moja, mbili, tatu. Walipokuwa wanacheka, shamba likawa limetulia. Nikaushusha juu ya kamba nikamalizia.

Ndugu Dunstan alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa, sisemi uongo. Kesho yake akaniandikia barua, ruhusa ya siku nne, akapiga mhuri, akanisomea kwa sauti yenye fahari. Jina langu, nyumba yangu, niendako. Na mwishoni: "Ndugu huyu alikuwa mlevi sugu. Kwa juhudi za kamati, ameacha pombe kabisa. Apokelewe."

Nikamwomba aiondoe sentensi ile.

"Ndugu Rehani, hiyo ndiyo sifa yako," aliniambia. "Ulipokuwa unakunywa uliyumba. Sasa huyumbi. Niandike nini?"

Nilimtazama, nikatazama mhuri. Nilipokuwa nimepinda nilikuwa mlevi. Niliponyooka nikathibitisha kwamba nilikuwa mlevi. Barua nyingine hapakuwa. Nikaikunja nikaiweka mfukoni, ikanikaa kifuani kama kaa la moto kutoka Mkata, Kabuku, Segera hadi Korogwe. Mgambo aliisoma, akanipigapiga bega, akanipa hongera. Kondakta naye akataka kujua nilitumia dawa gani.

Kutoka Korogwe nilipata lori hadi chini ya mlima, kisha miguu. Njia ya Vugiri ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili unaona vilele vya migomba ya watu. Miezi mitatu nyuma ningeipanda kwa magoti. Nilipanda polepole nimesimama, nikafika dada yangu akanikumbatia, Hajira akalia. Kisha dada akaniambia kwamba mgeni lazima apeleke barua kwa balozi wa nyumba kumi. Nikauliza balozi ni nani.

Balozi alikuwa Mzee Mbaruku.

Nilimkuta uani kwake muda wa adhuhuri, mzee mwembamba, kofia nyeupe, kijana mposaji amesimama nyuma yake. Nikatoa shikamoo, nikatoa barua. Aliisoma taratibu, akarudi mwanzo, akaisoma tena. Hajira alikuwa nyumba ya pili, nilijua anasikiliza.

"Kwa hiyo ni kweli ulikuwa unakunywa," alisema.

"Hapana, mzee. Sijaonja."

"Na mwenyekiti wako ameandika uongo na kupiga mhuri?"

Nikikataa, mimi mlevi. Nikikubali, mimi mchongezi wa viongozi. Nilijaribu kutafuta mzaha wa kunitoa, kama kawaida yangu, nikakuta hakuna. Nikamwambia tu: homa, sikio, kamba, pipa. Hata kwangu mwenyewe ilisikika kama hadithi ya mlevi. Adhana ikatoka, akaniashiria twende tukatawadhe, ibada haingoji.

Kulikuwa na birika mbili na mawe mawili ya kukalia. Yeye akakaa. Mimi nilikuwa nimechoka, nimeaibika, akili iko kwa Hajira, nikafanya nilichozoea: nikasimama, nikainua mguu wa kulia, nikamwaga maji. Moja, mbili, tatu. Nikainua wa kushoto. Nilipotazama chini nilimwona mzee amesahau birika mkononi, maji yanamwagika bure, anatazama mguu wangu uliobaki chini.

"Kinatetemeka hicho kifundo," alisema.

"Daima, mzee. Kinatafuta njia."

"Nina kaka aliyeacha pombe. Huyo hutetemeka mikono. Kikombe hashiki." Akatazama mikono yangu, ilikuwa imetulia kwenye birika. "Umesimama hivyo tangu lini?"

Nikamwambia, tangu Jamadi ya kwanza, mara tano kila siku isipokuwa siku saba nilizojifungia. Akaniuliza nani alinifundisha, nikamtaja Bernadina. Akaweka birika chini, akashika bega langu, na kwa taabu akainuka kwenye jiwe akajaribu kunyanyua mguu wake. Hakufika mbali. Lakini alinishika mimi, na mimi sikuyumba.

Nilimwozesha binti yangu siku iliyofuata, nimesimama mwanzo hadi mwisho ingawa mkeka ulitandikwa.

Siku ya nne nikarudi, nikamkabidhi Ndugu Dunstan barua yake. Jumapili akaitisha mkutano wa kijiji. Aliwapanga mbele walevi wote wanaojulikana, watu kumi na mmoja, wateja wa jirani yangu, kisha akatangaza kwamba Ndugu Rehani, mfano wetu, atatuambia alivyoacha. Nikamtazama Zamda. Nikafikiri kukana. Kisha nikafikiri kwamba Hajira siku moja atajifungua, na nitaihitaji barua nyingine, na barua zote zinaandikwa kwa mkono ule ule.

Nikasimama. Nikawaambia waoshe miguu wamesimama, mmoja mmoja, kidogo kidogo, mara tano kwa siku, bila kuruka. Hakuna neno la uongo nililosema.

Asubuhi yake nilipokuwa natawadha nilisikia kishindo nyuma ya mabua, halafu Lea akicheka. Nilipochungulia, wateja wake walikuwa wamejipanga mstari kando ya pipa, kila mmoja na mguu juu.